Uzi: Kuchagua pikipiki ya mbio kwa barabara za Uganda na kwa siku za uwanjani

Dereva wa Mpala (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ninaishi upande wa Entebbe na kazi yangu iko katikati ya Kampala. Hadi sasa nimekuwa nikiendesha pikipiki ya kawaida ya cc 150, ambayo sina ugomvi nayo, lakini ninataka kuhamia kwenye pikipiki ya mbio. Ninahitaji inipeleke kazini siku za kawaida, inifikishe Jinja au Masaka mwishoni mwa juma, na initayarishe kwa siku za uwanjani, kwa kuwa nimekwisha kukubaliana na rafiki zangu kwamba tutasafiri kwenda Afrika Kusini kuendesha kwenye uwanja halisi wa lami badala ya kuendelea kuutazama kwenye televisheni.

Nimebaki na majina manne: Yamaha YZF-R3, Kawasaki Ninja 400, Yamaha YZF-R7, na Yamaha YZF-R6 ya mwaka 2008 ambayo mtu mmoja hapa mjini anaiuza kwa bei inayoshawishi kuliko bei ya R7. Wanaonizunguka wamegawanyika. Wapo wanaoniambia kwamba pikipiki ya cc 300 au 400 nitaichoka kabla ya tairi la kwanza kuisha, na wapo wanaosema kwamba R6 itanizika. Naomba hoja zinazohusu barabara zetu na uwanja, si ushabiki wa chapa. Urefu wangu ni wa wastani, mwili si mzito, na leseni yangu ya daraja A ni halali.

Kona Kavu

Ndugu Dereva wa Mpala, kabla ya kulinganisha injini tuitazame kwanza nchi ambamo pikipiki hiyo italala. Uganda ina motokrosi yenye wapenzi wake na viwanja vyake vya udongo, kama vile Garuga na Busiika, lakini haina uwanja wa kudumu wa lami wa mbio za pikipiki. Viwanja unavyovifikiria wewe ni kama Kyalami, wenye mzunguko wa takriban kilomita 4.5 kati ya Johannesburg na Pretoria, au Zwartkops karibu na Pretoria, ambao ni mfupi na wenye kona za kubana. Si rahisi mtu apakie pikipiki yake kutoka Kampala hadi huko kwa ajili ya mapumziko ya siku mbili. Njia yenye akili ni kupanda ndege na kukodi pikipiki hukohuko. Kwa hiyo pikipiki utakayoinunua itaishi barabarani karibu maisha yake yote, na kazi yake kuhusu uwanja ni moja tu, nayo ni kukufundisha. Ukilikubali hilo, nusu ya swali lako imekwisha kujibiwa.

Sasa tuiweke R6 barabarani. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa cc 599, nayo hufikia kilele cha nguvu zake, karibu farasi 129, kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika. Chini ya mizunguko 8,000 ni pikipiki pole isiyo na haraka. Utamu wote uko juu, na ukiufikia utamu huo ukiwa bado kwenye gia ya kwanza utakuwa umekwisha kuvuka kilomita 100 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha mwendo kwenye barabara ya kulipia ya Entebbe. Gia tano zinazobaki hazina kazi halali hapa nchini isipokuwa kupunguza kelele. Halafu kuna foleni. Mtu anayetoka Kajjansi saa moja asubuhi kupitia Zana, Najjanankumbi na Kibuye akiwa amelala juu ya tangi, uzito wote ukiegemea viganja, feni ya rejeta ikiunguruma bila kupumzika na joto la silinda nne likimpanda mapajani, atafika ofisini akiwa amechoka kuliko aliyepanda matatu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni nafasi kati ya tumbo la pikipiki na ardhi. Kwenye R6 ni milimita 130, na kwenye R3 ni milimita 160. Tofauti ya milimita 30 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini nenda ukapite na kila moja juu ya matuta yaliyotapakaa kwenye vituo vya biashara kandokando ya barabara ya Masaka, ambayo mengine yamejengwa bila kipimo wala rangi, ndipo utakapoelewa kwa nini plastiki za chini za pikipiki nyingi za cc 600 hapa nchini zimeshonwa kwa waya.

Hizo ndogo unazoambiwa utazichoka si vitu vya kuchezea. R3, iliyoingia sokoni mwaka 2015, ina silinda mbili, cc 321, nguvu za farasi 42 na uzito wa kilo 169 ikiwa na mafuta. Ninja 400, ya mwaka 2018, ina cc 399, farasi karibu 45 na kilo 168. Pikipiki hizi hizi ndizo zilizoshindana kwenye daraja la dunia la Supersport 300, lililoanzishwa mwaka 2017, na ni juu ya Ninja 400 ambapo Ana Carrasco wa Hispania alitwaa ubingwa wa mwaka 2018, akawa mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za mtu mmoja kwenye lami. Anayesema kwamba pikipiki ya namna hiyo haina la kumfundisha naomba atuonyeshe vikombe vyake.

Na hapa ndipo penye hoja yangu kuu. Mwendo wa uwanjani haujengwi kwenye sehemu iliyonyooka bali kwenye kona, yaani ni kasi gani unaingia nayo, breki unaiachia wapi, macho yako yako wapi na unaanza kufungua mafuta lini. Ukiwa na farasi 42, ukifunga breki kupita kiasi kabla ya kona utaadhibiwa papo hapo, kwa sababu injini itachukua muda kuirudisha kasi uliyoitupa, na utaisikia ikilia. Ukiwa na farasi 129 kosa lilelile hulifunika kwa kuzungusha mkono, nawe hutajua kamwe kwamba ulikosea. Nimewaona watu waliokaa na pikipiki kubwa kwa miaka, wepesi kama risasi kwenye barabara iliyonyooka, ambao kwenye kona za kutoka Kabale kwenda Kisoro hupitwa na kijana mwenye injini nusu ya yao, kisha husingizia tairi.

Ushauri wangu basi: Ninja 400 kama utaipata katika hali nzuri, R3 kama utaikosa. Fedha zitakazobaki zitumie kwa matairi bora, mavazi na siku mbili za mafunzo hukohuko uwanjani.

Silinda Nne

Nimesoma maelezo ya Kona Kavu kwa makini na ninamheshimu, lakini ameiacha nje sehemu ya ukweli isiyomfaa.

Kwanza, R6 haikujengwa kwa ajili ya injini yake pekee. Mshoko yake, yaani springi na vifyonza mtikisiko, ya mbele na ya nyuma hurekebishwa kila upande, ugumu wa springi pamoja na kasi ya kushuka na kupanda, ilhali Ninja 400 ina mshoko ya mbele ambayo huwezi kurekebisha chochote. Breki za R6 zina diski mbili mbele, za Ninja 400 na R3 zina moja. Tairi la nyuma ni 180/55, la R3 ni 140/70. Mtu mwenye kilo 85 akiifunga breki R3 kwa nguvu, mbele huzama mpaka mwisho, na hapo hakuna somo la kona analojifunza zaidi ya kuvumilia. Pikipiki iliyojengwa vizuri pia hufundisha, kwa sababu inajibu jinsi ulivyoiamuru.

Pili, Uganda si Kampala pekee. Barabara ya Mbarara ina malori marefu yanayokwenda Rwanda na Kongo, na ya Jinja ina matrela ya miwa upande wa Lugazi na Kakira, ambayo huyumba na kudondosha miwa njiani. Kuyapita unahitaji nguvu ya akiba. Na msisahau kwamba Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na taabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Farasi 42 za kwenye karatasi hapa ni 38, na ukipanda Kabale, penye zaidi ya mita 1,800, hupungua tena. Anayepoteza kumi kati ya mia hafanani na anayepoteza nne kati ya arobaini, kwa maana ya kile kinachobaki mkononi.

Tatu, mkono ni wako. Hakuna pikipiki inayojizungusha yenyewe. Mtu mzima aliyekwisha kuendesha cc 150 kwa miaka kwenye mji wa bodaboda anajua hatari iliko kuliko kijana wa Ulaya aliyetoka darasani jana.

Ninachokubali ni kwamba R6 ya mwaka 2008 haina ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki. Yamaha waliiweka kwenye R6 kuanzia toleo la mwaka 2017, na pamoja nayo wakaongeza udhibiti wa tairi la nyuma lisiserereke. Kama ungekuwa unazungumzia R6 ya baada ya hapo, ningekwambia nunua bila kuangalia nyuma.

Fundi wa Ndeeba

Wazee wanabishana kuhusu vikombe, mimi nitazungumza kuhusu hiyo R6 ya 2008 kwa sababu huenda imekwisha kupita mikononi mwa watu ninaowajua.

Pikipiki ya mbio iliyotumika haiangaliwi kuanzia kwenye rangi. Anza na ncha za hendeli, ncha za mikono ya breki na klachi, na pembe za sehemu za kukanyagia. Zikiwa zimesagika upande mmoja, pikipiki ilianguka ikiwa imesimama au ikienda polepole, na hilo si kosa la kuua biashara. Zikiwa mpya kabisa upande mmoja na kuukuu upande wa pili, uliza kwa nini. Kisha inama uangalie vizuizi viwili vidogo vya chuma vilivyo chini ya shingo ya usukani, vinavyouzuia usizunguke kupita kiasi. Vikiwa vimebonyea au vimechomelewa upya, pikipiki hiyo ilianguka kwa nguvu, na fremu yake inaweza kuwa imepinda bila macho kuona. Hapo hapo shingoni ndipo ilipogongwa namba ya fremu. Isome tarakimu kwa tarakimu ukiilinganisha na hati ya usajili, usikubali kuonyeshwa picha ya simu.

Baada ya hapo nenda kwenye rimu. Inua gurudumu la nyuma kwa stendi, lizungushe polepole huku umeweka bisibisi karibu na ukingo wa rimu bila kugusa, kisha tazama ule upenyo kati ya ncha ya bisibisi na alumini. Ukiona upenyo unajaa na kupungua, rimu imeingia shimoni. Matairi ya pikipiki hizi yana ukuta mfupi, hayana nyama ya kumeza shimo la Kampala, kwa hiyo rimu ndiyo inayolimeza. Kuna watu Katwe wanaoweza kuinyoosha ikaonekana vizuri kwa macho, lakini alumini iliyopigwa nyundo na kupashwa moto sitaipeleka kilomita 180 kwa saa uwanjani, na sitakushauri wewe uipeleke.

Kwenye tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara dogo lenye umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nchi hii ina matairi mengi yaliyokaa kwenye maduka yenye joto kwa miaka, bado yana nywele zake za upya, muuzaji anaapa kwamba hayajagusa lami, na anasema kweli. Mpira umekwisha kukauka, na kwenye mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu hautashika.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Oili kwenye bomba za mshoko ya mbele maana yake ni sili zimekufa, na vumbi letu jekundu huzimaliza mapema. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakiwa ya rangi ya chai ya rangi yamekwisha, yatachemka uwanjani na mkono wa breki utakwenda hadi kwenye hendeli bila kitu. Mgandamizo wa injini ya R6 ni 13.1 kwa 1, wakati wa R3 ni 11.2 kwa 1, kwa hiyo R6 huchagua petroli, na vijijini petroli haichaguliki.

Kuhusu spea: za R3 na Ninja tunaagiza, za R6 pia tunaagiza, na kwenye soko la spea la Kisekka utakutana na vipande vya kila aina. Lakini R6 iliondolewa kwenye soko la barabarani la Ulaya baada ya mwaka 2020 kwa sababu ya kanuni za moshi za Euro 5, ikabaki kuuzwa kama pikipiki ya uwanjani tu. Kadiri miaka inavyokwenda, plastiki na vipande vya umeme vya toleo la zamani vitazidi kuwa vya kuwinda.

Silinda Nne, mshoko ya R6 hurekebishwa, ni kweli. Niambie ni wangapi hapa mjini wameirekebisha.

Silinda Nne

Mimi nimeirekebisha.

Mama Gia

Naona wanaume mmeandika sana bila mtu kumuuliza ndugu yetu atapita wapi. Yeye yuko Mpala, mahali ambapo barabara ya kulipia inaanzia, na mwisho wake ni Busega. Viwango vya ada vilivyoanza kutumika Januari 2022 vimeweka kwenye daraja la kwanza, pamoja na magari madogo, pikipiki zenye injini inayozidi cc 400, kwa Sh 5,000. Bodaboda na pikipiki ndogo haziruhusiwi humo. Ninja 400 jina lake ni mia nne lakini injini yake ni cc 399. R3 ni cc 321, na KTM RC 390, ambayo nashangaa hakuna aliyeitaja, ni cc 373. Zote tatu zinabaki barabara ya zamani pamoja na foleni zake. Kwa mtu wa Entebbe hilo ni jambo la kila asubuhi na kila jioni, si la kinadharia.

Jambo la pili ni kimo. Kiti cha R3 kiko milimita 780 kutoka ardhini, cha Ninja 400 ni 785, cha R7 ni 835, cha R6 ni 850. Mimi ni mfupi, na ninachoweza kusema ni kwamba uwanjani kimo hakina shida kwa sababu husimami. Shida iko kwenye mteremko wa mlango wa maegesho, siku ya mvua, gari likiwa nyuma yako, mguu mmoja ukitafuta ardhi.

Na mavazi yaingizwe kwenye bei ya pikipiki tangu mwanzo. Viwanja vingi havikuruhusu kuingia bila suti ya ngozi ya kipande kimoja au ya vipande viwili vinavyofungwa kwa zipu, glavu zinazofunika kifundo cha mkono na buti. Kofia itazamwe alama ya ECE 22.06 au angalau 22.05 kwenye kitambaa cha mkanda wa kidevu, isiwe ile ya kuuzwa kando ya barabara ambayo sponji yake unaweza kuiminya kwa kidole gumba.

Dereva wa Mpala (mleta uzi)

Mama Gia, umenipindulia meza. Nilikuwa nimekwisha kuegemea upande wa Ninja 400, na kila siku napita karibu na kibanda cha kulipia bila kufikiria cc 399. Fundi, nakushukuru, hiyo R6 nimekwisha kuitazama vizuizi vya shingo kwa tochi ya simu na kimoja kina alama ya kuchomelewa, kwa hiyo habari yake tuifunge.

Kona Kavu, ikiwa kigezo ni kuzidi cc 400 bila kupoteza hoja yako ya kujifunza, tunabaki na nini? Na je, kuna maandalizi yoyote ya uwanjani ambayo nahitaji kuyajua sasa, kabla ya kununua, ili nisinunue kitu kitakachonilazimu kukibomoa baadaye?

Kona Kavu

Kwa mkazi wa Entebbe, ada ya barabara inabadilisha jibu langu, lakini haibadilishi sababu zake.

Kawasaki wenyewe walikwisha kuipokeza Ninja 400 mrithi mwaka 2024, Ninja 500, yenye cc 451. Uzito ni kilo 171, kiti kiko palepale milimita 785, nguvu hazikuongezeka sana, ila nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko ya chini imeongezeka hadi Nm 42.6, na hiyo ndiyo unayoihitaji kwenye foleni na unapopita trela. Ina klachi inayolegea yenyewe unaposhusha gia kwa haraka, ili tairi la nyuma lisijifunge unapoingia kwenye kona. Honda CBR500R, cc 471, farasi karibu 47, ni nzito zaidi, lakini tangu toleo la mwaka 2022 ina diski mbili mbele na mshoko ya Showa iliyogeuzwa chini juu, kwa hiyo lalamiko la Silinda Nne kuhusu breki halina nafasi hapo. Ukaaji wake ni wa wima kiasi, na kwa safari ya kila siku ningeichagua hiyo bila aibu.

Kisha kuna R7, ambayo ilikuwa kwenye orodha yako tangu mwanzo na sote tukaisahau kwa sababu ya kugombania R6. Injini ni ya silinda mbili, cc 689, farasi 73, nayo huvuta kuanzia chini kabisa bila kungoja mizunguko 10,000. Uzito ni kilo 188, mshoko ya mbele inarekebishwa kila upande, na tairi la nyuma ni 180/55, kwa hiyo matairi yote mazuri ya uwanjani yanapatikana kwa kipimo chake. Kasoro zake ni tatu. Hendeli ziko chini, viganja vitauma kama kwenye R6. Tumbo liko milimita 135 kutoka ardhini, basi matuta utayapanda kwa mshazari. Na zile zilizouzwa miaka yake ya kwanza hazina udhibiti wa kuserereka, kwa hiyo mkono wako ndio udhibiti. Hata hivyo farasi 73 ni nguvu ambayo mtu anaweza kuitumia karibu yote uwanjani ndani ya mwaka wa kujifunza, na farasi 129 sivyo.

Kuhusu maandalizi, mengi ni madogo. Vioo hutolewa, taa hufungwa kwa gundi ya karatasi ili vioo vyake visitapakae ukianguka, na namba hufunguliwa. Waandaaji wengi huagiza maji ya rejeta yenye kemikali ya rangi yabadilishwe kwa maji matupu, kwa sababu kemikali ile ikimwagika kwenye lami hugeuka utelezi usiokauka. Ukikodi pikipiki hukohuko, yote hayo ni kazi ya mwenye pikipiki. Jambo la kununua mapema ni matairi ya aina moja tu, yale ya michezo yaliyotengenezwa kwa barabara, ambayo hupata joto haraka na huvumilia mvua. Matairi laini yasiyo na mistari yaache, kwani si halali barabarani na bila blanketi za umeme za kuyapasha joto hayashiki chochote katika mzunguko wa kwanza. Uwanjani upepo hupunguzwa kiasi, maana hewa ya ndani hutanuka kwa joto, na kiasi chenyewe hutolewa kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi. Usikubali namba ya jirani yako.

Silinda Nne, kuhusu hoja yako ya kupita malori: mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kufunga breki hadi kusimama huwa mara nne. Nguvu ya akiba hukupitisha trela la Lugazi, na breki ndiyo itakayokuokoa na trela la pili ulilokuwa hulioni.

Silinda Nne

Hilo la mwisho sina la kulijibu. Kwa R7 nakubali, na naongeza kwamba mshoko yake kutoka kiwandani imepangwa kwa mtu wa wastani kwenye lami nzuri. Kwa barabara zetu, legeza kasi ya kushuka kidogo mbele na nyuma, andika idadi ya mibofyo uliyozungusha kwenye kipande cha gundi chini ya kiti, na siku ya uwanjani uirudishe. Ninja 500 na CBR500R sitazisema vibaya, ila sitazinunua.

Mama Gia

Yeye pia hakukuuliza utanunua nini.

Dereva wa Mpala (mleta uzi)

Nimekaa nikalinganisha upya. Ninja 500 na R7 ndizo zilizobaki, na kilichoniamulia ni viganja. Jana nilikaa juu ya R7 ya jamaa mmoja pale Busega kwa muda mfupi tu, injini ikiwa imezimwa, na tayari nilianza kutafuta mahali pa kuegemea. Nitachukua Ninja 500, na R7 nitaikodi huko Afrika Kusini ambako hakuna Najjanankumbi. Kuna Ninja 500 moja iliyotumika kidogo, mwenye nayo anahama nchi. Fundi, ningependa uitazame kabla sijatoa hata senti, lakini anasema atanipa niijaribu jioni akitoka nayo kazini.

Fundi wa Ndeeba

Kataa jioni. Pikipiki iliyofika ikiwa moto imekwisha kuficha kelele za mnyororo wa taimingi, moshi wa kuwaka na betri iliyochoka. Mwambie alale nayo, nasi tutamfuata kwake saa moja asubuhi kabla hajaiwasha. Nikifika nitagusa kwanza bomba la moshi kwa mkono, na likiwa na joto tutaondoka.